Mfumo unasema

Wadau, leo nimekuja na mada ambayo si ya kawaida yangu. Wengi mmezoea kunisoma nikilalamikia foleni, madiwani na mgawo wa maji. Leo nataka tuongelee jinsi programu za kompyuta zinavyoandikwa, na sisemi zile za michezo wala za kurembesha picha. Nasema zile programu za kazi, zisizo na mvuto wowote: za mishahara, za akiba na mikopo, za stoo, za ankara. Subiri kwanza, usikimbie. Kama umewahi kusimama dirishani na risiti yako mkononi, halafu karani akakuangalia kwa huruma akasema, "Kaka, mfumo unasema hujalipa," basi mada hii inakuhusu.

Mfumo unasema! Sijui nani aliuanzisha msemo huu, ila umekaa vizuri sana kwenye kiti kilichoachwa na "amri kutoka juu". Karani hasemi, meneja hasemi, mfumo ndio unasema. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kuuliza "nani kasema?" Nikipeleka stori yenye neno "inasemekana", mhariri ananirudishia papo hapo. Kwa hiyo msemo huu unanikera kikazi. Mfumo hausemi kitu bwana. Kuna mtu alikaa kwenye kiti akauandika, mstari kwa mstari, na swali langu ni moja tu: alichoandika, kuna mtu mwingine anayeweza kukisoma?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko mimi. Machi 1968 jarida moja la Marekani la wanasayansi wa kompyuta, Communications of the ACM, lilichapa barua fupi ya Mholanzi aitwaye Edsger Dijkstra, mwalimu wa chuo kikuu cha ufundi pale Eindhoven. Alikuwa anailalamikia amri moja tu ya kompyuta, GO TO. Siku zile programu nyingi ziliandikwa kama orodha ndefu ya maagizo, na GO TO iliiambia mashine: acha hapo ulipo, ruka, nenda mstari fulani ukaendelee huko.

Hebu fikiria unasoma gazeti. Stori ya ukurasa wa kwanza inakwambia inaendelea ukurasa wa 5. Sawa, hiyo tumeizoea. Ukifika ukurasa wa 5, aya ya pili inakwambia nenda ukurasa wa 12. Ukurasa wa 12 unasema kama leo ni Jumanne rudi ukurasa wa 3, kama siyo endelea na matangazo ya vifo. Ukifika kwenye matangazo ya vifo hukumbuki tena umetokea wapi wala stori ilikuwa inamhusu nani. Kompyuta yenyewe haichanganyikiwi, inaruka tu inakotumwa. Anayechanganyikiwa ni binadamu anayetaka kuhakikisha kama kilichoandikwa ni sahihi. Hoja ya Dijkstra ilikuwa hiyohiyo: akili zetu zinaweza kushika maandishi yaliyotulia kwenye karatasi, lakini ni dhaifu sana katika kufuatilia kitu kinachorukaruka. Kwa hiyo andika kwa namna ambayo anayesoma karatasi anaona palepale kile ambacho mashine itafanya.

(Kuna kijambo kimoja hapa ambacho wenzangu wa chumba cha habari watakipenda. Dijkstra hakuileta kama barua, aliileta kama makala, na kichwa chake kilikuwa cha upole kiasi. Mhariri, Niklaus Wirth, aliigeuza kuwa barua kwa mhariri ili itoke haraka, akaipachika kichwa kipya kikali kinachosema GO TO ina madhara. Kichwa hicho ndicho kilichozua vita vya miaka. Wahariri ni walewale popote duniani.)

Miaka miwili kabla, mwaka 1966, Waitaliano wawili, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walikuwa wameshatoa uthibitisho wa kihisabati kwamba hesabu yoyote inayowezekana kwa mirukomiruko inawezekana pia kwa mambo matatu tu: kufanya kitu kimoja baada ya kingine, kuchagua kati ya njia mbili, na kurudia jambo hadi sharti fulani litimie. Basi. Hayo matatu ndiyo moyo wa kile kinachoitwa uandishi wa programu kwa mpangilio. Kila kipande kina mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, na hakuna kupita dirishani.

Sasa, wanahisabati walikuwa na ushahidi wao, lakini wenye kazi za ofisini walikuwa na COBOL. Lugha hii ilibuniwa kuanzia 1959 kwa ajili ya shughuli za biashara na serikali, na ndiyo iliyobeba mishahara na akaunti za benki za nusu ya dunia. COBOL haikuwa na GO TO tu. Ilikuwa na amri nyingine, ALTER, ambayo iliweza kuibadilisha GO TO wakati programu ikiwa inaendelea kufanya kazi. Yaani unaona kibao barabarani kinaandika Morogoro, halafu kuna mtu kilomita 10 nyuma yako anayeweza kukigeuza kionyeshe Bagamoyo, na wewe unayesoma ramani nyumbani huna habari. Na hapo ndani mnapita mishahara ya watu! ALTER ilikuja kuondolewa kwenye kanuni rasmi za COBOL mwaka 2002. Lakini programu za zamani hazifi kwa sababu kanuni zimebadilika. Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa New Jersey alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba watu wanaojua COBOL wajitolee, kwa sababu mitambo ya kulipa mafao ya waliopoteza kazi ilikuwa inalemewa.

Lakini mfano ulionifanya niandike leo ni wa gazeti, tena gazeti kubwa. The New York Times, kama gazeti lolote linalojiheshimu, lilikuwa na maktaba yake ya vipande vya habari vilivyokatwa kwa mkasi na kupangwa kwenye mabahasha. Mwandishi akitaka kujua waziri fulani alisema nini miaka 8 iliyopita, anaenda kwa mtunza maktaba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaiomba IBM iwatengenezee mfumo: mhariri anakaa kwenye terminali, anaandika anachotafuta, anapata muhtasari wa habari, na habari kamili ipo kwenye mikrofishi anaweza kuiona kwenye skrini. Kumbuka ni wakati ambao kutafuta kitu kwa kompyuta ilikuwa kama uchawi.

IBM wakaamua kuifanya kazi ile iwe jaribio. Harlan Mills, aliyekuwa mtu wa hisabati, alikuwa na wazo kwamba programu isiandikwe na jeshi la watu ambao kila mmoja anaficha kazi yake kwenye droo. Iandikwe na timu ndogo, yenye mwandishi mkuu mmoja anayeandika kiini cha programu kwa mkono wake mwenyewe, msaidizi anayeijua kazi kiasi cha kuweza kushika usukani wakati wowote, na katibu anayetunza kila kitu. Mwandishi mkuu alikuwa Terry Baker, na yeye ndiye aliyeeleza kazi ile kwa maandishi mwaka 1972. GO TO zilikwepwa. Kila kipande cha programu kilitakiwa kisizidi ukurasa mmoja wa karatasi, mistari 50 hivi, ili msomaji akione chote bila kufunua. Walianza juu, wakaandika kwanza mifupa ya mfumo mzima ikafanya kazi na sehemu za chini zikiwa tupu, halafu wakajaza nyama taratibu.

Na yule katibu jamani! Kwangu mimi yeye ndiye shujaa. Kila kilichoandikwa kilipita kwake, kikachapwa na kuwekwa kwenye mafaili ambayo yeyote kwenye timu aliweza kuyafungua. Jaribio lililofeli nalo liliwekwa humo. Hakuna kuchana karatasi, hakuna kusema "ilikuwa inafanya kazi jana kwangu". Anayejua chumba cha habari anaona kufanana. Stori yangu haiendi mtamboni kutoka kwenye kichwa changu. Inapita kwa mhariri wa dawati, inapita kwa msanifu, na kila mmoja lazima aielewe bila mimi kusimama pembeni kumweleza nilimaanisha nini. Msanifu asipoelewa aya ya tatu, hatudhani kwamba msanifu ni mjinga. Tunaandika upya aya ya tatu.

Matokeo? Mistari 83,000, kwa muda wa chini kidogo ya miaka miwili. Katika wiki tano za kuukagua mfumo kabla ya kuupokea zilionekana kasoro 21, na mwaka wa kwanza wa kazi zikaongezeka 25. Kwa viwango vya wakati ule hiyo ilikuwa habari ya kuamsha watu. Lakini kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, naomba niweke tahadhari ambayo washabiki wengi wanairuka: waliotusimulia ni IBM wenyewe, na waliochaguliwa kwenye ile timu hawakuwa watu wa kawaida. Ukimpa mpishi hodari jiko lolote atakupikia pilau. Kwa hiyo sisemi kanuni zilifanya miujiza. Nasema zilifanya kazi ile isomeke, na kazi inayosomeka kasoro zake zinahesabika. Wewe unajua programu ngapi ambazo mwenyewe anaweza kukutajia idadi ya kasoro zake?

Kwetu mambo yalienda vingine. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi zilezile za hesabu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kule kushindwa kwa mfumo wa hesabu za serikali uliokula fedha nyingi. Babu zetu walikutana na "mfumo unasema" mapema, wakaufungia mlango. Dawa ilikuwa kali mno kwa ugonjwa wenyewe, lakini nikiisoma historia ile siwacheki.

Siwacheki kwa sababu ya Uingereza. Huko kuanzia 1999 shirika la posta lilifunga kwenye vituo vyake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo sasa ni Fujitsu. Mfumo ukaanza kusema. Ulisema mawakala wa posta, watu wa heshima wenye viduka vijijini, wana upungufu wa fedha. Mkataba ulisema wakala anafidia. Wengine waliuza nyumba, wengine walifungwa, mwanamke mmoja alipelekwa gerezani mwaka 2010 akiwa mjamzito. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Kila mmoja alipopiga simu kuomba msaada alijibiwa kana kwamba yuko peke yake. Na sheria ya Uingereza ilikuwa imelegezwa mwaka huohuo 1999: mahakama ikaanza kuchukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe vinginevyo. Sasa wewe muuza stempu utaonyesha vipi, na msimbo wenyewe huruhusiwi kuuona?

Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu wa uongo, na Mei 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Yote hayo mmeyasikia, hasa baada ya ile tamthilia ya televisheni ya Januari 2024. Ambacho wengi hawakukisikia ni ripoti ya ndani ya mwaka 1998, yaani kabla mfumo haujasambazwa nchi nzima, ambayo ilitolewa hadharani kwenye uchunguzi wa umma. Wakaguzi walikuwa wameusoma msimbo wa sehemu ya kaunta. Wakakuta, kwa mfano, kipande chenye kazi moja tu ya kugeuza alama ya namba, 5 iwe hasi 5 na hasi 5 iwe 5. Darasa la sita hilo: weka alama ya kutoa mbele, umemaliza. Aliyeandika alifanya hivi: kama namba ni hasi, ondoa alama, kama siyo, chukua namba, utoe mara mbili yake. Jibu linatoka sahihi, usinielewe vibaya. Lakini ukikutana na sentensi kama hiyo kwenye stori ya mwandishi, hujiulizi tena kuhusu sentensi ile, unajiulizia stori nzima. Wakaguzi nao walijiuliza, wakashauri sehemu ile iandikwe upya. Wakubwa wakaona gharama, wakachagua kuendelea kuweka viraka.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu ya mama mdogo wangu.

Mama mdogo ni keshia wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, hapahapa mjini, jina naliacha. Mwaka juzi kwa miezi saba alikatwa mshahara jumla ya shilingi 412,000 kwa sababu droo yake ilikuwa "inapungua". Ni mtu anayehesabu chenji ya daladala mara mbili. Alianza kuandika kila muamala kwenye daftari la shule, akawaonyesha, wakamwambia daftari si mfumo. Kilichomuuma si fedha. Ni wale wenzake wa kaunta waliokuwa wanafunga droo zao kwa funguo akipita.

Baadaye chama kikaamua kuhamia mfumo mwingine, na aliyepewa kazi ya kuhamisha kumbukumbu ni jamaa ambaye nilisoma naye Mlimani, yeye upande wa kompyuta. Ripoti yake ilisomwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama, kwa hiyo sivujishi siri ya mtu. Alikuta kazi yote ya kaunta imeandikwa kwenye kipande kimoja chenye mistari zaidi ya 2,600. GO TO haikuwepo hata moja, lugha za siku hizi nyingi hata hazina. Lakini zilikuwepo bendera: hali1, hali2, mpaka hali9, zinapandishwa huku na kushushwa kule, na hakuna aliyeandika hali6 maana yake nini. Ni mirukomiruko ileile, imevaa suti. Na kufuta muamala uliokosewa kulikuwa kumeandikwa mara tatu, wazi kabisa kwamba mtu alidesa kazi yake mwenyewe, akanakili na kubandika: pa kwanza kwa amana, pa pili kwa marejesho ya mkopo, pa tatu kwa muamala unaofutwa siku ikiwa imeshafungwa. Pale pa tatu alisahau mstari mmoja. Fedha zilitoka kwenye akaunti ya mwanachama lakini droo ya keshia haikurekebishwa.

Kwa hiyo amana ya shilingi 60,000 ikiingizwa mara mbili kwa bahati mbaya, jioni droo inaonyesha upungufu wa 60,000. Kesho yake kosa linagunduliwa, linafutwa, mwanachama yuko sawa. Upungufu wa keshia unabaki palepale milele. Na mama mdogo alikuwa ndiye anayepewa kufuta makosa ya jana ya kaunta nzima, kwa sababu ndiye mwangalifu kuliko wote.

Jamaa yangu ilimchukua siku nne kuuona ule mstari uliokosekana. Nilimuuliza, kama kufuta muamala kungeandikwa mara moja tu, kwenye kipande chake cha nusu ukurasa, kikaitwa kutoka sehemu zote tatu, ingemchukua muda gani? Akacheka. Akasema kisingekosekana, na kama kingekosekana keshia wote wangepungukiwa siku ya kwanza, na wasingemshuku mtu mmoja.

Nilimbana pia kwa upande wa pili, kwa sababu nawajua watu wa kompyuta, wakipenda kanuni wanaifanya dini. Alikubali. Alinikumbusha kwamba Donald Knuth, mmoja wa wakubwa wa fani hii, aliandika mwaka 1974 makala ndefu ya kuonyesha mahali ambapo GO TO inafaa kabisa. Akasema pia amewahi kuona watu wakikatakata programu vipande vya mistari mitatu mitatu mpaka kuisoma inakuwa kama kutafuta nyumba Manzese bila mwenyeji. Kwake kipimo ni kimoja: anampa mwenzake wa ofisini ausome msimbo kwa sauti, mwenzake akikwama, unaandikwa upya hata kama unafanya kazi. Bosi wake wa zamani alikuwa anaita huko kupoteza muda. Wateja hawalipii usomaji, alikuwa anasema, wanalipia mfumo. Ni kweli hawalipii. Mama mdogo ndiye aliyelipia, kwa awamu saba.

Chama kimekiri kwa mdomo. Fedha hazijarudi, kwa maelezo kwamba hesabu za mwaka ule zimeshafungwa na mfumo mpya hauruhusi kuzifungua. Barua yake ya kwanza ya madai haikujibiwa. Ya pili tumeiandika pamoja, aya nne, ukurasa mmoja, tumeambatanisha ule ukurasa wa ripoti na nakala ya daftari la shule, na tumeomba jibu liwe na jina na saini ya mtu. Aliipeleka mwenyewe Jumatatu, nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa.